Habari za Jamali wa Temeke na Pasi Aliyovukia Bahari

Njoni karibu, enyi mafundi wa cherehani na wana wa mafundi, enyi madobi wenye vidole vilivyosinyaa kwa maji ya sabuni, nanyi makarani mpendao nguo zilizonyooka bila kuuliza nani amezinyoosha! Tandikeni mikeka, wanyamazisheni kuku, na mwenye kikohozi akimalize upesi, kwani habari ninayowatolea leo si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamewaimba masultani waliovunja ngome. Wengine wamewasifu majemadari waliovuka mito na majeshi yao, wakaacha wajane kila kijiji walichopita. Mie nitamsifu mtu mmoja mwembamba wa Temeke, mwenye shingo ndefu na kanzu moja ya kutokea, aliyeuvuka mkondo wa Unguja siku ya Alhamisi, saa sita na robo mchana, akiwa na silaha moja tu mkononi. Na Yeye aliyeumba chuma na moto, kisha akaiacha nguo ijikunje yenyewe, anisaidie nisipunguze neno.

Jina lake Jamali bin Mwinshehe, mzaliwa wa Lindi, Simba wa Cherehani, Mwenye Futi Kamba Shingoni, Mpiga Pindo Asiyechoka. Kwa miaka tisa alishona katika baraza ya nyumba yake Temeke, akawavika watu wa bandarini, akawavika walimu na wapishi wa Wazungu, na hapakuwa na suruali iliyomkimbia akashindwa kuirudisha kwenye mstari. Lakini habari hii haihusu suruali, ingawa suruali moja itapita humu ndani, nayo mtaiheshimu itakapopita.

Habari yenyewe ilianza kwa barua. Dada yake wa pekee, Mauwa, alikuwa akiishi na shangazi yao huko Unguja, mtaa wa Kikwajuni, na alikuwa ameposwa na seremala mmoja mwenye tabia njema. Baba yao, marehemu Mzee Mwinshehe, alipokuwa akikata roho alimshika Jamali mkono akamwambia kwamba siku Mauwa atakapoolewa, yeye ndiye atakayesimama mahali pake na kumwoza. Mara ya kwanza harusi iliahirishwa kwa sababu Jamali alilala na homa. Mara ya pili iliahirishwa kwa sababu meli iliharibika. Sasa Mauwa aliandika hivi:

"Kaka Jamali, shikamoo. Ni Ijumaa hii baada ya sala. Wazee wa bwana harusi wamesema wamechoka kula pilau isiyo na harusi. Usipofika kadhi ataniozesha yeye, kama mtu niliyeokotwa njiani. Simkatai kadhi, ila neno lile baba alikuachia wewe, nami nataka kulisikia kwa sauti yako. Mdogo wako, Mauwa."

Jamali aliisoma barua hiyo mara nne, akalia kidogo. Msimcheke. Mashujaa wa zamani nao walilia, tena kwa makelele zaidi, na walikuwa na majeshi ya kuwabembeleza.

Basi yawapasa mjue jinsi dunia ilivyokuwa katika zama hizo, mwaka wa hamsini na nne, Malkia wa Waingereza akitawala upande huu wa maji na bendera yake ikipepea upande wa pili. Hapakuwa na mtu aliyejua mpaka uko wapi. Mtu wa Temeke alikwenda Unguja kumwona shangazi yake kama alivyokwenda Keko kumwona shemeji. Alikata tiketi, alipanda meli, alitapika kidogo, akashuka. Hakuna aliyemwuliza yeye ni nani, kwa sababu kila mtu alikuwa akimjua.

Jamali akatoka nyumbani Alhamisi asubuhi na kikapu chake, na tiketi yake, na jambo moja lililomkaa rohoni kama mwiba. Kanzu yake ilikuwa imekunjamana. Yeye, fundi! Aliyewanyooshea watu mia! Jumatatu alikuwa amemwazima pasi jirani yake Apolonia, mke wa Mwalimu Didas, watu wa Bukoba, na hadi Alhamisi pasi haijarudi, naye aliona haya kuidai kwa mwanamke mwenye heshima. Akatembea njia nzima akiipapasa kanzu kwa viganja, akiinyoosha mbele huku inajikunja nyuma, na kila aliyemtazama, yeye alidhani anayatazama makunyanzi.

Alipofika bandarini saa tatu na nusu, aliikuta ajabu. Abiria, ambao siku zote walipanda meli kwa kusukumana tu, walikuwa wamepangwa foleni. Mbele yao palikuwa na meza, juu ya meza daftari kubwa, na ukutani tangazo jipya lenye wino ambao haujakauka vizuri: KUANZIA LEO KILA ABIRIA AWE NA PASI. ASIYE NA PASI HAPANDI. Kando ya tangazo alisimama askari mmoja mrefu, Albano, kaptula yake imenyooka hata ungeweza kukatia muhogo.

Askari Albano akamtazama Jamali kuanzia kofia hadi viatu, kisha akarudi tena juu polepole, akapita kwenye makunyanzi yote.

"Wewe," akasema. "Huna pasi."

Oo, neno hilo! Lilimpiga Jamali pale pale penye kidonda. Mtu wa kazi nyingine angeliuliza pasi gani. Mwuza samaki angeliuliza, hata mpagazi. Lakini mtu aliyekula pasi, akalala na pasi, akaiamkia pasi kabla ya mkewe, tena aliyetoka nyumbani akiwa ameona aibu ya kukosa pasi, yeye angewezaje kuwaza pasi ya aina nyingine? Wala hakuona ajabu kwamba serikali inataka watu wanyooke. Serikali hiyo hiyo ilikuwa imekataza mahindi yasipandwe uani kwa sababu ya mbu. Serikali iliyoweza kuyachukia mahindi ingeshindwaje kuyachukia makunyanzi?

"Ninayo, afande," akajibu kwa unyonge. "Iko kwa jirani."

"Pasi yako iko kwa jirani?"

"Ameiazima. Leo siku ya nne."

Askari Albano akainama kidogo, kana kwamba hakusikia vizuri. "Watu wa Temeke mnaazimana pasi?"

"Tunaazimana, afande. Mtaa mzima tunatumia moja."

Albano akageuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, "Sikiliza, ndugu yangu. Maneno hayo usiyarudie mbele ya Mzungu. Kailete. Meli inaondoka saa sita."

Hapo ndipo Simba wa Cherehani alipojifunga kibwebwe. Akamtafuta Marijani, jirani yake aliyekuwa kuli pale gatini, akamwomba baiskeli. "Ichukue," akasema Marijani, "lakini haina breki. Ukitaka kusimama, tafuta kitu cha kukusimamisha." Jamali akakunja kanzu yake mpaka kiunoni, msuli aliojifunga ndani ukaonekana, akapanda, akapita Gerezani bila kumwamkia mtu, jambo ambalo halijapata kusamehewa na wazee wa Gerezani hata leo. Akapanda mlima wa Keko akiisukuma baiskeli na kuitukana. Akapita Chang'ombe. Jua lilikuwa limekwisha kushika kazi, na jasho likazimaliza sehemu chache za kanzu zilizosalia zimenyooka.

Alifika Temeke saa nne na nusu, akabisha hodi kwa Apolonia kwa ngumi mbili.

Apolonia alikuwa uani, pasi mkononi, makaa yanawaka ndani yake, na juu ya meza ilikuwa imelala suruali nyeupe ya Mwalimu Didas. Hiyo ndiyo suruali niliyowaahidi. Mwalimu mwenyewe hakuonekana, ila sauti yake ilitoka chumbani, kwa kuwa alikuwa amejifunga shuka.

"Mama Mwalimu!" akanena Jamali, akisimama mlangoni kama mjumbe wa mfalme, akitweta. "Ewe uliyeitunza pasi yangu siku nne kama mali ya kanisa! Sikuja kwa hasira, wala sikuja kwa kulaumu. Nimekuja kwa sababu serikali inaitaka. Imeandikwa ukutani, nimesoma kwa macho yangu: asiye na pasi hapandi. Nirudishie, dada yangu asije akaozwa kama mtoto wa kuokotwa!"

Apolonia akaiweka pasi juu ya kigae, akashika kiuno. "Fundi Jamali," akasema, "mie nakuheshimu, na Mwalimu anakuheshimu, na pasi yako ni nzuri kupita zote za mtaa huu, ndiyo maana haikurudi. Lakini leo mkaguzi wa shule anafika saa tano. Mwalimu hana suruali nyingine ya kumpokelea Mzungu. Ukiiondoa pasi sasa, mguu mmoja utakuwa umenyooka na mwingine umekunjamana. Mtu atasimamaje mbele ya mkaguzi kwa mguu mmoja?"

"Jamali, mwenzangu!" ikalia sauti kutoka chumbani. "Darasa la nne zima linanisubiri, nami nimevaa shuka! Usinifanyie hivi!"

Jamali akaitazama suruali. Akalitazama jua. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeamua kufa, "Nipeni maji ya kunyunyiza."

Na hapo, enyi mabwana, ndipo mlipaswa kuwapo. Aliushika mguu wa kushoto wa suruali ile kama mtu amshikavyo adui kwenye kisigino. Akanyunyiza maji kwa vidole, puu, mvuke ukainuka. Makunyanzi yalijipanga kwenye goti, na kwenye goti makunyanzi huwa makaidi. Akayazunguka kwa upande wa mshono, akayakata njia, akayasukuma mpaka kwenye pindo, na huko pindoni akayakanyaga kwa uzito wote wa mwili wake hata yakatoa sauti ya kukata tamaa. Kisha akapiga mstari wa mbele mara moja, bila kurudia, ukanyooka kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo. Kazi ambayo Apolonia angeifanya kwa nusu saa aliimaliza kabla Mwalimu hajamaliza kuomba. Apolonia akashika mdomo. Akasema kwa lugha ya kwao neno ambalo Jamali hakulielewa, lakini lilikuwa la sifa.

"Nenda nayo," akasema. "Makaa nisiyamwage?"

"Usiyamwage. Mzungu atataka kuijaribu ikiwa ya moto."

Akaitundika pasi kwenye usukani wa baiskeli, mlango wake wa moshi ukielekea mbele, akaondoka. Mnajua upepo wa mwendo unavyofanya makaa. Kabla hajafika Chang'ombe pasi ilikuwa ikipumua yenyewe, na alipouanza mteremko wa Keko, bila breki, cheche ziliruka nyuma yake moja moja, na wanawake waliokuwa wakichota maji bombani waliacha ndoo zao wakapiga kelele kwamba gari moshi limetoka relini. Cheche moja ilitua kwenye kanzu ikatoboa tundu la ukubwa wa punje ya hindi. Jamali hakuangalia nyuma. Aliwaza sauti ya Mauwa tu, jinsi alivyokuwa akimwita "Kaka Jamali" akiwa mdogo, akikata neno katikati kwa sababu ya meno yaliyong'oka. Akapata cha kumsimamisha, rundo la magunia ya nazi kavu mbele ya lango la bandari, akasimama humo.

Ilikuwa saa tano na nusu. Meli ilikuwa imekwisha kupiga honi ya kwanza.

Sasa tazameni utulivu wa mtu mkubwa. Hakukimbilia mezani. Alivua kanzu, akabaki na fulana na msuli, akaitandaza kanzu juu ya gunia, akaipiga pasi mbele ya watu wote, mbele na nyuma, mikono na kola, foleni nzima ikiwa imegeuza shingo. Akaivaa ikiwa bado na joto. Ndipo akasogea mezani, amenyooka kama mshumaa, akaiweka pasi yake juu ya daftari la serikali kwa kishindo.

"Pasi yangu hiyo hapo," akasema.

Aliyekuwa mezani alikuwa karani mmoja mtaratibu kutoka Masasi, jina lake Benedikto, mtu wa misheni, ambaye sifa yake bandari nzima ilikuwa kwamba hasemi uongo hata wa kumsaidia mgonjwa. Akaitazama pasi. Akamtazama Jamali. Nyuma yao foleni ilianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo, hata mtu mmoja akakaa chini kabisa. Askari Albano aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika.

"Ndugu," akasema Benedikto polepole, "pasi inayotakiwa ni cheti. Kijitabu cha kusafiria. Kina jina lako na picha yako."

Moyo wa Jamali ukaanguka. Sisemi ulishtuka, ulianguka, akausikia ulipofika chini. Alielewa kila kitu kwa mara moja: baiskeli, mlima, cheche, suruali ya Mwalimu, yote bure, na kicheko kile chote ni chake yeye. Aliona haya ambayo hajapata kuyaona tangu azaliwe. Lakini hakuondoka. Akaweka mikono miwili juu ya meza, akanena:

"Bwana karani, mie ni fundi. Ukiniambia pasi, mie najua hii. Kijitabu hicho sina, na baba yangu hakuwa nacho, na babu yangu alikwenda Unguja na kurudi hata hesabu ikapotea, hakuna aliyemwomba kitu. Kesho dada yangu anaolewa. Baba yetu amekufa. Mtu wa kumwoza ni mimi, hakuna mwingine, ndugu wa kiume nimebaki peke yangu. Mara mbili nimemkosesha. Kama hamnitaki nipande kwa sababu nimefanya mambo ya kijinga, nitakubali. Lakini semeni hivyo. Msiseme kwamba sina pasi, kwa maana pasi ninayo, na bado ni ya moto."

Yule aliyekaa chini kwa kucheka akainuka. Benedikto akalitazama daftari. "Mimi nina dada Masasi," akasema hatimaye. "Margareta. Aliolewa mwaka jana nikiwa nimekaa hapa hapa, naandika mizigo. Barua ya kuniita ilifika harusi imekwisha."

Kabla hajasema zaidi, sauti ilitoka chumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulikuwa wazi nusu. Humo alikaa mkubwa wao, Mzungu aliyeitwa na watu wa bandari Bwana Miwani, amewapa mgongo, akisoma karatasi. Kiswahili alikijua sana, alikisoma kitabuni, na lile tangazo la ukutani alilitunga kwa mkono wake mwenyewe, akilionea fahari.

"Karani! Mbona foleni imesimama? Huyo ana pasi?"

Benedikto akavuta pumzi. Bandari nzima ilivuta pumzi pamoja naye.

"Anayo, bwana."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona, bwana. Iko mezani."

"Nambari yake?"

Benedikto akainamisha kichwa, akakikagua kifuniko cha chuma. Palikuwa na tarakimu iliyotokeza, ya kiwanda kilichoisubu pasi ile. "Sita, bwana."

"Sita tu? Basi ni ya zamani hiyo. Ina picha?"

Penye komeo la kifuniko palisimama jogoo wa shaba, kifua mbele, shingo juu. "Ina picha, bwana."

"Inafanana naye?"

Karani akamtazama jogoo. Akaitazama shingo ndefu ya Jamali. Alikuwa mtu mkweli. "Kidogo, bwana."

"Isije ikawa imekwisha muda wake."

"Hapana, bwana. Bado ya moto."

"Ya moto," akarudia Bwana Miwani, akapendezwa, na kalamu yake ikasikika ikiandika. Alikuwa akikusanya misemo ya wenyeji. "Na imegongwa mhuri?"

Hapo Benedikto akakumbuka, akainyakua pasi kutoka juu ya daftari. Alikuwa amechelewa. Kwenye ukurasa, mbele ya mahali pa jina, palikuwa na alama ya rangi ya kahawia, yenye ncha mbele na upana nyuma, inafuka moshi kidogo.

"Imegonga yenyewe, bwana," akasema kwa sauti iliyokwisha nguvu.

Harufu ya karatasi iliyoungua ikaingia chumba cha nyuma. Kiti kikasogea. Bwana Miwani akatoka. Aliiona pasi mkononi mwa karani wake, akaiona alama daftarini, akamwona Jamali amenyooka na kanzu yenye mvuke, akaiona foleni ambayo kila mtu ndani yake alikuwa anatazama viatu vyake. Uso wake ukawa mwekundu kuanzia chini.

"Hii ni nini?"

"Pasi, bwana," akajibu Benedikto.

"Hii siyo pasi!"

Watu sitini, mmoja mmoja, bila kupanga, waligeuza macho wakalitazama tangazo ukutani. Bwana Miwani naye akalitazama. Akarudi chumbani, akatoka na kamusi, akafunua, akashuka na kidole mpaka alipolipata neno, akasoma. Akasoma tena. Kwa muda mrefu alisimama vile, na mie nakwambieni kwamba vita vilivyopiganwa ndani ya kifua chake wakati ule vilikuwa vikubwa kuliko vya makunyanzi, kwa sababu upande mmoja ilisimama amri na upande wa pili kilisimama Kiswahili chake.

"Karani," akauliza kwa sauti ndogo. "Tangazo langu lina kosa?"

"Halina kosa, bwana. Limeandikwa vizuri sana. Linasema pasi, na mtu huyu ameleta pasi."

"Na anakwenda kufanya nini Unguja?"

"Kumwoza dada yake, bwana. Baba yao amekufa."

Bwana Miwani akafunga kamusi. "Mwandike," akasema. "Kesho tutatunga tangazo lingine." Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, na hakutoka tena hadi meli ilipoondoka.

Basi Benedikto akaandika kwa mwandiko wake wa misheni, bila kuongeza wala kupunguza: Jamali bin Mwinshehe. Fundi. Temeke. Pasi: anayo. Nambari: 6. Na bibi mmoja mzee aliyekuwa nyuma katika foleni, mwenye kikapu cha maembe makavu na hana kijitabu chochote duniani, akamgusa Jamali bega. "Mwanangu," akasema, "niazime hiyo." Nani angemnyima? Jamali akasimama kando ya meza, honi ya pili ikilia, akiikabidhi pasi kwa huyu na kuipokea kwa yule, hadi wasafiri tisa walipokwisha kuandikwa nambari sita, na Askari Albano akimsukuma mgongoni akimwambia, "Panda wewe, panda, utaachwa!" Alipanda wa mwisho, ngazi ikiwa imekwisha kuanza kuinuliwa.

Huko Unguja, aliposhuka, hakuna mtu aliyemwuliza kitu.

Ijumaa baada ya sala, nyumba ya shangazi yake Kikwajuni ilijaa hadi uchochoroni. Sheikh akafungua kitabu chake, akauliza kwa sauti, "Walii wa binti huyu yuko wapi?" Nyuma ya pazia Mauwa, ambaye mara mbili alipakwa hina ikafutika bure, akakamata kidole cha shangazi yake akakibana.

"Nipo," akasema Jamali.

Akashika mkono wa seremala. Neno alilokuwa ameachiwa akalitoa lote mbele ya mashahidi, kwamba amemwoza dada yake, Mauwa binti Mwinshehe. Seremala akasema amekubali. Nyuma ya pazia mtu mmoja alianza kulia, na kabla vigelegele havijamfunika alisikika akisema, "Ni kaka. Ni yeye mwenyewe."

Basi waandishi wa habari za falme na waongeze ukurasa. Waandike kwamba mwaka wa hamsini na nne Jamali bin Mwinshehe wa Temeke, Simba wa Cherehani, alivuka bahari kwa pasi ya mkaa. Hakuua mtu, hakuteka mji, aliunguza daftari moja, na alifika kwa wakati. Na mtu akitaka ushahidi, aende Kikwajuni akiombe kitabu cha sheikh, atazame mahali palipoandikwa nani alimwoza binti yule. Hapakuandikwa kadhi. Pameandikwa: kaka yake.